Kiha cha Mke Wangu

Kazi yangu ni kusoma mita za maji. Kila mwezi napita nyumba hadi nyumba, Ujiji, Mwanga, Gungu, hadi Bangwe, nikiinua vifuniko vya zege, nikifuta tope kwenye kioo cha mita, nikipiga picha namba na kuondoka. Ni kazi ya kuinama. Mtu anayeinama kwenye uwanja wa watu husahaulika haraka, na waliomo uwanjani huendelea na mazungumzo yao kama vile hayupo. Kwa hiyo nimesikia mengi. Kwa miaka mingi, hata hivyo, sehemu kubwa ya niliyoyasikia sikuyaelewa.

Mimi ni mtu wa Ujiji wa zamani. Babu zetu walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta nyumbani kuna Kiswahili tu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema Kiha ni lugha ya wanaoshuka milimani na mizigo kichwani, na alilisema hilo bila chuki yoyote, kama mtu anayesema mvua ni ya masika. Tuliamini hivyo. Nilisoma darasa moja na watoto waliozungumza Kiha nyumbani kwao, nikacheza nao, nikala kwao, na sikujifunza zaidi ya salamu na matusi mawili.

Siku moja, nikiwa nimeinama kwenye mita ya nyumba moja Gungu, wanawake wawili waliokuwa wanachambua dagaa walinitazama, mmoja akasema jambo, wakacheka kwa muda mrefu. Nilijua wananicheka mimi. Nilikagua zipu ya suruali, ilikuwa imefungwa. Nilikagua mgongo wa shati, sikuona kitu. Mpaka leo sijui walisema nini. Lakini jioni ile nilipita dukani nikanunua kaunta buku, nikaandika juu yake KIHA kwa herufi kubwa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na nikanogewa haraka. Watu wengine hupenda mpira, wengine bao. Mimi niligundua kwamba napenda kuona lugha inavyofungwa kwa ndani. Nilikuwa nasoma kwenye simu usiku, naandika, nafuta, nachora mistari kwa rula. Nilipojua kwamba wenyewe lugha yao wanaiita Igiha lakini ya jirani zao wa Burundi wanaiita Ikirundi, nikajiuliza kwa nini hapa ni *igi* na pale ni *iki*. Mti ni *igiti*, lakini ziwa ni *ikiyaga*. Nilijaza kurasa tatu za maneno. Siku ya kumi na moja, nikiwa juu ya pikipiki karibu na stesheni, jibu likanijia: sauti inayofuata ndiyo inayoamua. Ikiwa ni t, k, s na ndugu zao wa aina hiyo, *ki* hulainika kuwa *gi*. Nilisimamisha pikipiki. Nilitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na wa kumwambia isipokuwa muuza mihogo, ambaye alidhani nataka mihogo.

Jioni nilimwambia mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani lake, pini mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa pini, akasema, "Unakusanya maneno kama mtu anayekusanya vifuniko vya soda." Kisha akaendelea kushona.

Mke wangu ni wa Lindi. Tulikutana Dodoma nilipokwenda kwa mafunzo ya kazi, naye alikuwa anashona kwenye duka la shangazi yake. Alikuja Kigoma bila kumjua mtu yeyote zaidi yangu. Nyumbani kwao wanazungumza Kimwera, na Kiswahili alikikuta shuleni. Sikuwahi kulifikiria hilo kama mali. Nilikuja kulifikiria baadaye, tena sana.

Mwalimu wangu nilimpata Bangwe. Alikuwa bibi mjane, umri wake umepita sabini, anaishi na mjukuu wake wa kike aliyemlea baada ya mwanawe wa kiume kufariki. Marehemu mumewe alikuwa akifanya kazi reli. Mwezi mmoja niliona mita yake inazunguka wakati mabomba yote yamefungwa. Nikamwambia bomba linavuja chini ya sakafu, akaita fundi, wakalipata. Mwezi uliofuata alinisubiri na sahani ya mihogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Nilimsalimia kwa Kiha. Alinitazama, akaniuliza kwa Kiswahili ni nani amenifundisha, nikamwambia ni mimi mwenyewe na simu. Akaniambia niwe nakuja Jumamosi.

Nilikwenda Jumamosi nyingi, karibu miaka miwili. Alizaliwa huko milimani, upande wa Kasulu, na Kiha chake kilikuwa cha zamani, chenye maneno ambayo mjukuu wake mwenyewe hakuyajua. Mimi nilikaa na kaunta buku magotini, nikiuliza. Hii inaitwaje? Na zikiwa nyingi? Na ukimwambia mtu mmoja? Na ukiwaambia wengi? Yeye alikuwa akijibu huku mikono yake inafanya kazi, akichambua maharage, akimenya mihogo. Alinivumilia sana. Siku moja, baada ya kula, nilitaka kumwambia tumbo langu limejaa. Tumbo ni *inda*. Chawa pia ni *inda*. Tofauti iko mahali sauti inapopanda tu, na mimi sauti yangu ilipanda pasipostahili. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwita mjukuu aje asikie mgeni ameshiba chawa. Sikuumia. Siku zile nilikuwa bado mwanafunzi pekee.

Ni bibi mwenyewe aliyetaka kumwona mke wangu. Alisema si vizuri kumjua mume na kutomjua mke. Nilimwomba mke wangu, naye akakubali kwa shingo upande, akabeba blauzi za wateja azishone pindo kwa mkono akiwa huko, asipoteze siku. Nilimwambia njiani kwamba atachoka, maana tunazungumza mambo ya upatanisho wa ngeli.

Tulipofika, bibi alikuwa amekaa mkekani. Mke wangu alipiga goti akamsalimia kwa Kiswahili, Shikamoo Mama, akakaa karibu naye, na sijui nini kilipita kati yao, maana mimi nilikuwa nafungua kaunta buku. Nilipoinua kichwa blauzi zilikuwa zimewekwa kando na wote wawili walikuwa wanachambua maharage kwenye ungo mmoja. Bibi alikuwa akishika kitu, analitaja jina lake, na mke wangu alikuwa akilirudia. Hakuandika hata neno moja. Nikauliza swali langu la wiki ile, ambalo nilikuwa nimeliandaa vizuri, bibi akanijibu kwa kifupi na kumgeukia tena.

Njiani kurudi nilimpima. Nilimuuliza maneno aliyoyasikia. Aliyakumbuka karibu yote, na sauti zake zilipanda na kushuka kama za bibi kabisa, hata ile pumzi ya uzee aliinakili. Nilimwambia amejitahidi.

Akaanza kwenda mwenyewe. Mara Jumatano, duka lake la ushonaji likiwa halina wateja. Mara Jumapili baada ya kufua. Alimshonea bibi gauni la kitenge cha buluu, kikabaki kipande, naye akajishonea blauzi ya kitenge hicho hicho. Dukani kwake Mwanga wateja kutoka vijijini wakawa wanapiga soga naye, na nikipita kumchukua jioni nilikuwa namkuta katikati ya maneno ambayo mimi ningehitaji kuyafikiria kwanza. Siku moja tukiwa nyumbani alisema kwa Kiha kwamba mti wa jirani umeinamia paa letu. Alisema *igiti*. Kisha akasema jambo kuhusu ziwa, akasema *ikiyaga*. Nilimuuliza amejuaje.

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba hapa unaweka *gi* na hapa *ki*."

Alifikiri kidogo, kwa kweli alijaribu kunisaidia. "Ukisema vingine," akasema, "mdomo unakataa."

Siku kumi na moja. Kurasa tatu. Nilikwenda uwani nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nilikuwa nimesikia wivu wa mume kwa mke maisha yangu yote, nimeuona ukivunja nyumba za watu Ujiji, na nilijihesabu kuwa mtu asiye na ugonjwa huo. Mke wangu angeweza kuongea na mwanamume yeyote sokoni nami nisigeuze shingo. Sasa nilikuwa naona wivu wa bibi wa miaka sabini na kitu. Nikimwona mke wangu anajifunga kitenge kwenda Bangwe, moyo wangu ulikuwa ukifanya vile vile ungefanya kama angekuwa anakwenda kwa mwanamume. Nilihesabu saa alizokaa. Alipotoka huko nilimuuliza walizungumza nini, na akiniambia sikuridhika, na asiponiambia sikulala. Kibaya zaidi ni kwamba sikujua namwonea wivu nani. Kuna siku nilimwonea wivu bibi kwa kuwa na mke wangu. Siku nyingine nilimwonea wivu mke wangu kwa kuwa na bibi. Siku nyingi nilimwonea mke wangu wivu kwa Kiha chenyewe, kama vile tulikuwa wawili tunaoposa binti mmoja, mimi nikiwa nimetangulia na zawadi, yeye akapita tu mlangoni na binti akamfuata.

Jambo lililonichoma zaidi lilitokea Jumamosi moja nilipochelewa kufika. Nilisikia vicheko vyao tangu nje ya ua, Kiha kinatiririka, mke wangu anasimulia kitu na bibi anaitikia kwa ile sauti ya kooni ya kuitikia hadithi. Nikaingia. Wakanyamaza, wakanitazama, na bibi akaendeleza habari ile ile kwa Kiswahili, taratibu, ili nisiachwe. Walikuwa wananihurumia.

Nikaanza kumsahihisha. Sikujiona nikifanya hivyo, lakini nilifanya. Akisema sentensi ya Kiha mbele yangu, nilitafuta kosa. Dukani kwake, mbele ya mteja, mama mmoja kutoka Buhigwe aliyeleta vitambaa vya sare, nilimkatiza mke wangu nikasema upatanisho wake si sahihi, neno lile liko kwenye ngeli nyingine. Nilikuwa na uhakika, nilikuwa nimeliandika na kulipigia mstari. Yule mama alinitazama, akamtazama mke wangu, akasema kwa upole kwamba kwao wanasema vile vile alivyosema huyu binti. Mke wangu alivuta uzi, akaukata kwa meno.

Sasa nifike kwenye simu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa Gungu, nimeinua kifuniko cha mita, konokono wamejaa ndani. Simu ikaita, nikaona ni bibi. Hakuwa na namba ya mke wangu. Yangu ndiyo aliyoandikiwa na mjukuu tangu mwanzo. Aliyejifunza lugha ukubwani anajua kwamba simu ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Huoni mdomo wala mikono, mtu anaongea upesi kwa sababu ya salio, na upepo unakula nusu. Kila bibi aliponipigia kabla ya siku ile nilikuwa nikimwomba arudie, mwisho anabadilisha anasema kwa Kiswahili.

Siku ile nilielewa. Kila neno, tangu salamu hadi kuagana. Alisema Alhamisi wageni wa posa wanakuja kumposa mjukuu wake. Alisema yeye hana binti, Mungu hakumpa, na siku kama hiyo mwanamke hakai peke yake. Alimtaka mke wangu akae upande wake kama binti wa nyumba, afike mapema, avae ile blauzi ya buluu nao wafanane. Akasema wewe mwanangu una kazi, usijisumbue, wanaume wa ukoo watakuwepo. Nilimjibu kwa Kiha kwamba nimesikia na nitamfikishia. Nilijibu vizuri, bila kukwama. Akasema sasa umeshajua Kiha. Miaka miwili nilikuwa naisubiri sentensi hiyo.

Nilisimama pale na konokono zangu nikiwa na furaha ya mtoto. Sijui nilisimama muda gani. Baadaye ndipo nilichokielewa kilipoanza kuniingia, pole pole, kama maji yanayopita chini ya mlango. Simu ya kwanza niliyoielewa yote ilikuwa ya kumwita mke wangu, na kuniambia mimi nisijisumbue.

Sikumwambia. Jumatatu jioni nilijisemea nitamwambia kesho. Jumanne alirudi amechoka, ana sare za shule nzima za kushona, nikajisemea nikimwambia atavunja ahadi za wateja. Jumatano niliona blauzi ya buluu imeanikwa kambani, nikaipita. Alhamisi nilikwenda kazini, nikaandika namba za nyumba moja kwenye nyumba nyingine, ikabidi nirudi mara mbili. Jioni tulikula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, na mke wangu akasema amemkumbuka Mama wa Bangwe, wiki mbili hajamwona, Jumamosi atakwenda. Nikasema nadhani amesafiri kwenda kijijini. Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza tu. Sasa nilikuwa nimesema uongo.

Jumamosi alikwenda hata hivyo, akaniambia kama hayupo atamwachia mjukuu salamu. Mimi nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma. Alirudi kabla ya adhuhuri. Hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule, mkoba mkononi.

"Aliniwekea kiti," akasema. "Kilikaa wazi mpaka wageni wakaondoka."

Nilitazama viatu vyake.

"Alikupigia?"

"Alinipigia."

"Aliongea Kiha?"

"Ndiyo."

"Ukaelewa?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Alikuwa amenifungulia mlango. Ningeweza kusema sikuelewa vizuri, mtandao ulikuwa mbaya, nilisikia Alhamisi nikadhani ni Alhamisi ijayo. Angeniamini, maana alijua Kiha changu. Angekasirika siku moja, tungecheka baada ya mwezi. Lakini kusema sikuelewa, mbele yake, yeye wa watu wote, ulimi wangu ulikataa.

"Nilielewa yote," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta mahali pa kukata kitambaa. Kisha akasema neno moja la Kiha, lenye maana ya basi, akaingia jikoni. Tangu dakika ile hakunisemesha tena kwa Kiswahili.

Mwanzoni nilidhani ni ya siku moja. Zikawa wiki tatu. Watoto wetu wako bweni, tulikuwa wawili tu ndani, na kila lililosemwa lilisemwa kwa Kiha. Hakuninunia. Aliniamkia, alipika, aliniuliza habari za kazi. Lakini alizungumza kwa kasi ya kawaida ya Mama wa Bangwe, hakurudia, hakunyoosha kidole kunionyesha. Nikitaka chumvi nilisema chumvi kwa Kiha au nilikula bila chumvi. Nikimjibu kwa Kiswahili alinitazama kwa adabu kama mgeni ambaye hajaelewa. Kuna jioni aliniambia habari ya mlango. Neno lile, sauti ikipanda pengine, huwa ukoo, nami nikadhani ananiuliza habari za ukoo wetu Ujiji, nikamjibu wote wazima wanakusalimu. Kumbe alikuwa ananiambia kitasa cha mlango wa nyuma kimeharibika, nipite mbele. Kesho yake nilirudi na mvua, nikagonga mlango wa nyuma mpaka nikalowa chapachapa, yeye yuko chumba cha mbele cherehani linalia, hasikii.

Nakiri kwamba katika wiki zile tatu nilijifunza kuliko miaka miwili. Na nakiri kwamba hata nikiadhibiwa, nikiwa nimekaa mezani naye ananieleza kwa Kiha jinsi nilivyomvunjia heshima, sehemu moja ya akili yangu ilikuwa inasikiliza namna anavyovuta silabi, na inaona kijicho.

Nilijua lazima niende Bangwe. Niliandika maneno ya kuomba radhi kwenye kaunta buku, nikayasahihisha, nikayakariri. Nilianza na heshima ya mkubwa, nikafuatisha kosa, nikamaliza na ombi. Niliyarudia juu ya pikipiki njia nzima.

Bibi alikuwa peke yake, amekaa mkekani na miguu ameinyoosha. Nilipiga goti nikayasema yote kwa Kiha, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kosa ninalolijua. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akanijibu kwa Kiswahili.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Miaka miwili umekuja hapa. Umeniuliza mguu unaitwaje, goti linaitwaje, unyayo unaitwaje, na ikiwa miwili inaitwaje. Hujaniuliza hata siku moja mguu huu umelalaje."

Ndipo nilipoutazama. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia kifundo, ngozi inang'aa. Nilikuwa nimeuona kila Jumamosi umenyooshwa vile vile. Niliona aibu iliyonifanya nishindwe kuweka mikono yangu mahali.

"Mwenzio aliuliza siku ya kwanza," akasema.

Na mimi, hata katika aibu ile, swali lililonitoka lilikuwa la kaunta buku. Nilimuuliza aliulizaje, maana siku ya kwanza mke wangu hakujua neno lolote la Kiha.

"Aliushika," bibi akasema.

Hakuendelea kunisuta. Alisema posa imekubaliwa, harusi ni mwezi ujao, nimlete mke wangu, na mimi nije nikae na wanaume. Nilimuuliza mguu umelalaje. Akanijibu kwa kirefu, kwa Kiswahili, kuhusu hospitali na dawa na baridi ya asubuhi, na mimi sikuandika kitu. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anapakua. Sijui kama mjukuu, ambaye sasa alikuwa na namba yake, alimpigia simu au aliona uso wangu. Akasema kwa Kiswahili, "Chakula tayari." Nilifurahi, halafu nikahisi kama mtu aliyefukuzwa shule.

Harusini nilikaa na wanaume chini ya turubai. Upande wa pili mke wangu alikuwa amevaa blauzi ya buluu, karibu na bibi mwenye gauni la buluu, anapokea wageni waliotoka milimani, anainama, anashika mikono ya wazee, anauliza habari za safari na ng'ombe na wagonjwa. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alimtazama kwa muda, akaniuliza kwa Kiha yule ni binti wa kijiji gani. Nikamwambia ni wa Lindi. Hakunielewa, au hakuniamini. Akasema hapana, yule ni wa kwetu, anasikika. Kisha akaniuliza na mimi je, ni mtu wa wapi. Nikamjibu kwa Kiha, sentensi nzuri, ndefu, yenye kila kitu mahali pake, kwamba mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, nimezaliwa Ujiji. Akatabasamu. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, akiyatamka maneno moja moja, "Karibu sana Kigoma."

Nilijivunia mke wangu siku ile, sitaki mtu adhani sikujivunia. Nilimwangalia nikasema moyoni, yule ni mke wangu. Lakini nikipima kwa haki, kijicho kilikuwa kizito zaidi, na sikuweza kula pilau yangu hadi mwisho.

Tunaishi vizuri. Kila Jumamosi anakwenda Bangwe, na mara nyingine namsindikiza, nachukua dawa za bibi njiani. Naongea kidogo. Kiha changu ni kizuri sasa, watu wananielewa, na hakuna anayenidhania mtu wa kwao.

Miezi michache iliyopita nilikutana na mzee mmoja Kibirizi, mtu wa upande wa Kongo, anayeshona nyavu karibu na mwalo wa wavuvi. Anazungumza Kibembe. Nimeanza kupita kwake nikimaliza mzunguko wangu, tunakaa juu ya nyavu, ananieleza jina la kila fundo. Nina kaunta buku mpya ambayo naiacha ofisini, kwenye droo yenye kufuli. Mke wangu ameniuliza mara mbili kwa nini siku hizi narudi nikinuka dagaa. Nimemwambia wamenibadilishia eneo. Akasema angependa siku moja twende wote Kibirizi, anataka kununua dagaa wa jumla na kuzungumza kidogo na wanawake wa Kikongo.

Nitampeleka. Nimepanga kumpeleka. Ila nataka kwanza nimalize ngeli.